Mtu wa Kufutwa

Mtu wa kufutwa kazi alihitajika, na Erot alichaguliwa kwa sababu hakuna aliyemchukia.

"Watu hawagomei karatasi," Njambi aliwaambia wenzake wawili wa kamati, wakinywa chai kwenye kibanda nje ya uwanja wa ndege wa Isiolo. "Miezi kumi na moja tunaongea mkataba na hii kampuni ya ndege, wanatuzungusha tu. Wafanyakazi watagomea mtu."

Njambi alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, na kaunta ya abiria ilikuwa yake. Haki, huyo mama alikuwa na kichwa. Alimfuata Erot, mpakiaji mizigo, akamwomba akatae kupakia mizigo iliyozidi uzani, tena mbele ya meneja.

"Watakufuta. Sisi tunaweka kazi chini hapo hapo, na sharti letu la kwanza ni wewe urudi."

Erot alikuna kichwa. Mkewe, Nakiru, alikuwa anasafishwa figo mara mbili kwa wiki, na aliyelipa ni bima ya kampuni. Bila kazi, hakuna bima.

"Na Nakiru, Mama Kui?" alimuuliza Njambi.

"Ni siku chache tu. Kwani mimi nitakutupa, Erot? Mimi?"

Jameni, nani angekataa? Njambi huyo huyo ndiye alikuwa akimpeleka Nakiru hospitali kwa gari lake, siku Erot akiwa zamu. Jumatatu Erot akakataa mizigo. Saa sita akafutwa, na saa saba wapakiaji na watu wa kaunta walikuwa nje ya geti, wanapiga vuvuzela.

Marubani hawakutoka. Hao walikuwa na mkataba wao mnono, na ndege ziliendelea kuruka, mizigo ikipakiwa na vibarua waliookotwa mtaa wa Wabera. Mgomo bila marubani ni kelele tu, na Njambi alilijua hilo kuliko wote.

Tena alijua ujanja wa kampuni. Mwaka uliopita waliwaita wafanyakazi mmoja mmoja, wakawapa barua tamu tamu, na mgomo ukavunjika kwa siku mbili. Safari hii chama kikaweka sheria: hakuna mtu kupokea barua, hakuna kushika simu ya ofisi. Kila kitu kipitie kwa katibu. Wote waliapa, na Erot aliapa kwa sauti kubwa zaidi.

Kila siku Njambi akitoka kuongea na meneja ofisini, Erot alikuwa wa kwanza kumsimamisha.

"Wamesema nini juu yangu?"

"Bado, ndugu yangu. Hawa watu wana roho mbaya."

Wiki ya kwanza wenzake walichanga, Nakiru akasafishwa. Wiki ya pili mifuko ilikauka, maana wachangaji wenyewe hawakuwa na mshahara. Miguu ya Nakiru ikafura hadi viatu vikamkataa, kisha uso, kisha kupumua kukawa kazi. Erot akaja getini analia, anasema ataingia kwa meneja mwenyewe apige magoti.

Njambi akamshika mikono. "Ukiingia pale umetuuza sisi wote. Nipe siku mbili."

Akampa. Alhamisi Nakiru akafa.

Walimzika Ngaremara, kwa jua kali, na watu hawakuhesabika. Njambi alisoma salamu za chama huku sauti ikikatika, akaeleza jinsi kampuni ilivyomnyima mama wa watu matibabu. Kaimenyi, rubani mkuu, alikuwa amesimama katikati ya watu. Akavua kofia yake ya kazi, akalia waziwazi. Kesho yake hakuna ndege iliyoruka Isiolo.

Siku tatu zilitosha. Mkurugenzi wa kampuni, mzee Karanja, alilazimika kuja kutoka Nairobi kwa barabara. Alitia sahihi kila ukurasa: ajira ya kudumu, bima ya familia nzima, yote waliyodai. Nje watu waliimba jina la Njambi, na Erot, macho mekundu, alikuwa akiimba pamoja nao.

Karanja akaweka kalamu mezani.

"Nieleze kitu kimoja, mama. Siku ya tatu ya mgomo tulimwandikia Erot arudi kazini. Aweke sahihi tu, bima ifunguliwe siku hiyo hiyo. Meneja wangu alikukabidhi barua mkononi. Mbona hakuja?"

Njambi alikuwa anapanga karatasi zake. Hakuinua kichwa.

"Angekuja," alisema, "marubani wangegoma?"