Pamba ya Upande wa Kushoto

Telesphor aliingiza patasi ubavuni mwa boti la mbao, lile lililoshinda mashindano ya Ikola mara sita kabla ya kuzama na sasa limeopolewa ziwani, akachomoa pamba iliyoziba nafasi za mbao. Upande wa kulia ilikuwa imetoka nyekundu, imeshiba mawese. Huku kushoto ilitoka imepauka, ikapukutika kiganjani.

Pamba bila mafuta haizuii maji. Asubuhi ile ya mashindano ya mwisho mawese yalimwishia, na washindani wao walishapandisha tanga.

“Umeona nini, shemeji?” aliuliza mjane wa nahodha wa boti hilo. “Miaka ishirini naambiwa mume wangu alizama kwa ulevi wake. Kaburini kwake sijawasha hata mshumaa.”

Pamba ile kavu angeiachia tu, upepo wa ziwa ungeichukua.

Telesphor akamsogezea kiganja. “Upande huu, shemeji, niliziba mimi.”