Kamera ya Banda la Kuku

Bibi alijigamba kwamba mwizi wa mayai hampiti yeye, kwani hulala jicho moja wazi. Ni kweli, ila hilo lililo wazi ndilo lenye mtoto wa jicho.

Basi akaazima kamera ya bintiye, ile inayopiga picha yenyewe kitu kikipita, akaifunga bandani.

Kulipokucha, mumewe alikwisha kumtia mbwa kamba shingoni.

"Mla mayai ni huyu. Leo anahama, simtaki!"

"Haraka ya nini, baba watoto? Tuone picha kwanza."

Picha ya kwanza ilikuwa fungo, macho yaking'aa kama vifungo vya koti. Ya pili, nungunungu na miba yake. Ya tatu Bibi aliisogeza hadi puani: pajama ya mistari, kipara kinachomeremeta, na yai bichi likimiminwa kinywani. Mbwa ameketi kando kwa adabu, akingoja ganda.

Bibi akamfungua mbwa kamba.

"Mume wangu, tangu daktari akukataze mayai, hujaonja hata moja?"

"Hata moja! Na huyo pichani si mimi," alisema mzee, huku mkono wake ukipanda wenyewe kufuta masharubu.