Jina la Facheiro

Damião alikataa kufunga mizigo mpaka ajue ukweli wa dungusi lililosimama nyuma ya nyumba, refu kama nguzo, limejaa matumba ya maua. Kama ni mandacaru, dungusi linalochanua mvua ikikaribia, basi mvua iko njiani, na yeye habanduki. Kama ni facheiro, linalofanana nalo, maua yake hayajui lolote la mvua. Itabidi apande lori la mchana kwenda kusini kutafuta vibarua, kama wenzake wote walioshindwa na ukame.

Kusubiri yachanue ili lijulikane hakukuwezekana. Maua hayo hufunguka usiku, na lori halimngoji mtu.

"Facheiro hilo," alisema Genivaldo, jirani yao mchunga ng'ombe. "Wewe mtu wa miwa utajulia wapi? Huko kwenu pwani mmezoea miiba ya samaki."

Zuleide, mke wa Damião, mzaliwa wa nyika ile, alimjia juu. Ni mandacaru, alisema, bibi yake ndiye aliyelipanda, na asiyetaka mumewe abaki aseme waziwazi. Damião alijisikia mwanamume mwenye bahati.

Genivaldo akasema basi jina liamue. Facheiro limeitwa hivyo kutokana na neno la mwenge: wazee walikuwa wakiwasha matawi yake makavu kumulikia njia. Mandacaru ukiliwasha linafuka moshi tu. Akajitolea kwenda kukata tawi.

"Wewe hapana," alisema Damião. "Shamba langu unalimezea mate tangu nije. Atakata Zuleide."

Na ili jirani asipate mwanya wa hila, akamburuta hadi zizini wamnyanyue ng'ombe aliyelala kwa njaa. Walihangaika naye hadi wakachoka. Zuleide alikawia, akarudi anahema, tawi mkononi.

Damião aliliwasha kwa mkono wake. Likashika moto hadi ncha.

Zuleide alilia mpaka sauti ikamkauka. "Nenda tu, mume wangu," alisema. "Mungu hakutaka."

Lori lilipokata kona ya kwanza, likapita chini ya kilima cha mawe. Juu yake palisimama dungusi moja, na pale tawi lilipokatwa paling'aa kama pamekatwa leo.

"Lile ni nini?" Damião alimuuliza mzee aliyekaa ubavuni mwake.

"Facheiro. Upande huu wote limebaki hilo moja tu."

Kwenye miiba yake kilikuwa kimenasa kitambaa chekundu, kile alichomfunga Zuleide kichwani siku ya harusi yao.