Simu Imeshika kwa Quinter

Simu ya Kipkurui ilikuwa kwa Quinter tena. Siku ya tano mfululizo, saa kumi kamili, na mwenyewe aliaga kwamba anapeleka majani chai kituoni kuyauza.

"Angalia vizuri, Zack," Tecla, mkewe, alisema. "Pengine hicho kitu kinadanganya."

"Hakidanganyi, Mama Chebet." Fundi alimsogezea simu yake aone. Ilikuwa orodha ya masanduku ya intaneti yaliyofungwa juu ya mapaa ya Kimulot, na chini ya kila sanduku, simu zilizolishika. Waya ulifika dukani tu, pale senta. Kutoka hapo kila sanduku lilimpa jirani yake intaneti kwa hewa, paa hadi paa, kama watu wanavyopeana makaa ya kuwasha moto. "Simu inashika sanduku lililo karibu. Ukitembea, inahama yenyewe."

"Na yake imehamia kwa Quinter."

Zack alikohoa, akanywa chai. Maskini, kufunga sanduku juu ya paa la Tecla kulimchukua siku tatu tu, akamaliza. Tangu hapo ni Tecla aliyekuwa akimwita kila alasiri aje amfungulie orodha.

Wivu ukimshika mtu, weh! Maziwa yanamwagika jikoni na yeye anayatazama tu. Quinter! Mshonaji wa juzi tu kutoka upande wa ziwa, amepanga nyumba ng'ambo ya ua wa miti wa kina Tecla, na kicheko chake kinasikika hadi kwenye majani chai ya watu. Mjane, mrembo, na hana haraka na mtu. Tecla alimchukia hadi akachukia na cherehani yake.

Naye Kipkurui alikuwa amebadilika. Alirudi jioni na tope kwenye magoti, ugali akaugusa tu. Jana aliuliza, macho kwenye sahani: "Yule fundi alimaliza kazi?"

"Alimaliza wiki iliyopita. Sijamwona tena," Tecla alijibu haraka. Angesema nini? Kwamba anamchunguza bwana yake?

Kipkurui aliacha kutafuna. Tecla akaiona hatia pale pale usoni. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaondoa sahani.

Basi leo ni leo. Alimwongezea Zack chai, akafunga mlango wa mbele watu wasimwone, akamwambia akae hapo aangalie hiyo orodha, na simu ya Kipkurui ikihama ampigie. Yeye akatokea mlango wa nyuma, akakata katikati ya majani chai, akafika kwa Quinter akihema. Hakupiga hodi.

Quinter alikuwa peke yake kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee! Bwana yangu! Simu yake iko hapa, nimeiona kwa macho yangu. Unadhani sisi wa huku ni wajinga?"

Tecla hakungoja jibu. Alifungua chumba cha kulala, akavuta pazia, akainama hata chini ya kitanda. Vitambaa na viatu vya kike, basi. Machozi yalimtoka, na hakujua kama ni ya hasira au ni ya kufurahi kwamba hajaona kitu.

Quinter alitoa pini mdomoni moja moja. Alionekana mtu aliyechoka kabisa.

"Mama Chebet, mimi na bwana yako hatuna kitu. Nimemwambia aende kwake, hasikii. Nenda nyuma ya choo, pale kwenye ua. Mchukue, na msirudi hapa nyote wawili."

Tecla akazunguka nyumba. Kipkurui alikuwa amepiga magoti, ametenganisha matawi ya ua kwa mikono miwili, akichungulia ng'ambo. Kutoka hapo mlango wa mbele wa nyumba yao ulionekana wazi. Alisikia hatua nyuma yake, lakini hakugeuka.

"Quinter, kuja polepole," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa karibu kulia. "Fundi ameingia kwangu tena. Na leo Tecla amefunga mlango."