Itawaka Ijumaa

Plagi ya injini ilikuwa ndani ya kopo la sukari.

Fundi aliikuta saa nne asubuhi, akitaka kukoroga chai. Akaitoa kwa vidole viwili, akaipuliza, akaipangusa kwa kitambaa, kisha akakoroga chai yake. Hakuwa na haja ya kuulizauliza. Kibandani walikuwa wawili tu: yeye na mkewe, aliyekuwa akishona upande wa pili, amempa mgongo, na cherehani inakwenda kasi kuliko kawaida.

"Mama watoto," alisema fundi alipomaliza chai, "jana kamba ya kuwashia. Leo plagi. Kesho utaficha nini?"

"Kesho nitakuficha wewe."

Mtaani walimwita Itawaka, kwa sababu ndilo neno alilomjibu kila mteja. Jenereta iliyotumbukia kisimani? Itawaka. Pampu ambamo kuku walikuwa wakitaga mayai? Itawaka. Na kweli ziliwaka. Miaka ishirini na sita hajawahi kumrudishia mtu mashine ikiwa maiti, na sifa hiyo, tuseme ukweli, ilikuwa imempanda kichwani kidogo.

Safari hii aliletewa msumeno wa mnyororo. Msimamizi wa ofisi ya mji aliubeba ndani ya gunia, baada ya msumeno wenyewe kulala miaka tisa kwenye stoo inayovuja. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda, kabureta imejaa uchafu wa kijani, na panya walikuwa wamezalia kwenye chujio la hewa.

"Nauhitaji Ijumaa," alisema msimamizi. "Ukishindwa niambie mapema, kazi tuiahirishe mpaka mwakani. Hatuna msumeno mwingine."

Lile neno "ukishindwa" fundi hakulipenda hata kidogo.

"Itawaka," akasema.

Mkewe aliyasikia yote hayo, na tangu siku hiyo hapakukalika. Kuna wanawake wanaogombana na waume zao kwa ajili ya wanawake wa nje. Huyu aligombana kwa ajili ya chuma chenye kutu. Aliuita msumeno "lile dude lako", na kila akipita karibu nao aliupiga teke.

Fundi hakujali. Aliijaza silinda dizeli, akaiacha inywe siku mbili, kisha akaigonga pistoni kwa kipande cha mbao, polepole, mpaka ikaachia. Jumatano akafika kwenye gasketi. Gasketi ya msumeno wa umri ule haiuzwi popote, inakatwa kwa mkono. Akatafuta karatasi nzito, akaipata: ile barua ya ofisi ya mji, yenye mhuri, iliyoletwa kila kibanda wiki mbili nyuma. Akailaza juu ya kabureta, akachora kwa penseli, akachukua mkasi wa mkewe.

"Hiyo barua umeisoma?" aliuliza mkewe.

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Yote. Karatasi nzuri hii. Haitavujisha."

Mkewe akampokonya mkasi. Alikuwa na hasira ya kutaka kulia. "Mwanamume gani wewe? Sema imeshindikana! Mara moja tu! Utapungukiwa nini?"

"Lakini haijashindikana," alisema fundi, na kweli alishangaa.

Mchana jirani yao, mshona viatu, alikuja na soda baridi. Huyu kwa miaka mingi alikuwa akiisubiri siku ambayo Itawaka atashindwa, apate cha kucheka. Sasa alikaa juu ya ndoo kwa adabu zote, akashusha sauti.

"Fundi, hata huu ukikushinda, hakuna atakayekucheka. Nitakutetea mimi mwenyewe."

Fundi aliinywa soda yake yote, akamwona mtu huyu hana haya, akanuna mpaka jioni. Alhamisi nzima alinoa meno ya mnyororo kwa tupa, jino moja baada ya jingine.

Ijumaa asubuhi mkewe hakushona. Alikuwa ameifunga cherehani kwenye shuka, amekaa nje juu ya boksi la vitambaa. Msimamizi alifika na jamaa mmoja mwenye buti na kofia ngumu. Watu wa vibanda vya jirani wakatoka, wakasimama kama walioitwa msibani.

Fundi akavuta kamba. Kimya.

Akavuta tena. Kimya. Mshona viatu alikuwa amefumba macho, midomo inachezacheza.

Fundi akasogeza choki nusu, akavuta mara ya tatu.

Ukawaka! Ukakohoa moshi wa buluu, ukayumba kidogo, kisha ukatulia ukanguruma vizuri. Hakuna aliyepiga makofi. Fundi alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Akageuka kumwangalia mkewe, na mkewe akaangalia pembeni.

"Kweli wewe ndiye Itawaka," alisema msimamizi, akaupokea msumeno, akamkabidhi jamaa wa kofia ngumu.

Jamaa akaupigisha kelele mpaka mwisho, akaukandamiza kwenye nguzo ya kwanza kwa nguvu zake zote. Fundi akaruka.

"Taratibu, bwana! Utaua meno! Hapo pana msumari wa inchi nne!"

"Umejuaje?"

"Nimeupigilia mwenyewe."

Akamnyang'anya msumeno, akazikata nguzo zote sita za kibanda chake, moja baada ya nyingine, na mnyororo haukugusa hata msumari mmoja.