Makaburi ya Kando ya Barabara

Makaburi kumi na manne Musafiri aliyataja bila kukwama: jina, ukoo, mwaka, hata kilichomuua kila mmoja. Alipofika la kumi na tano, lenye msalaba wa mti, aliinua fimbo yake akapita.

“Na hili, baba?” aliuliza Carine, karani wa kazi za barabara, aliyetumwa kutoka Kasongo kuandika makaburi ya kijiji.

“Hilo uliache. Barabara ipite juu yake.”

Nyuma yao alisimama Emilienne, mke wa Musafiri. Kaburi lile lilikuwa la Nathanaël, waliyemwita Nata, mtoto wao wa pekee. Kitenge kipya alichokibeba kwapani alikuwa amekinunua sokoni Kabambare, cha kumfungia mifupa yake.

Katika kijiji cha Kayembele mambo yote ya zamani yaliulizwa kwa Musafiri. Ni yeye aliyejua kwamba mababu waliishi juu kilimani, mbali na misafara ya pembe za ndovu iliyopita bondeni kwenda Nyangwe. Alijua jinsi Wabelgiji walivyowashusha kwa nguvu, wakawapanga kando ya barabara ili walime pamba na wahesabike, na tangu hapo hata wafu wakapangwa kando ya barabara. Alijua pia kwamba ndani ya kaburi la kwanza hamna mtu. Ndugu wa mwanzilishi wa kijiji alichukuliwa na mto Luama, hakuonekana, basi wakazika mgomba mahali pake kama mila inavyotaka, ili msiba upate mwisho.

Sasa barabara inapanuliwa, mashine itafika Alhamisi, na wafu wote wanarudishwa kilimani walikotoka mababu. Na mtu huyo huyo anayejua yote haya anataka magari yamkanyage mwanawe. Emilienne hakumwelewa, na ilimuuma kuliko alivyoweza kusema.

“Baba Nata, mutoto utamuacha chini ya magari?”

“Wafu hawasikie magari.”

“Mimi nasikia.”

Wanawake waliguna. Mzee amekuwa jiwe, walisema, na kwa kweli siku hiyo alifanana nalo.

Mwaka wa vita, watu walipokimbia kuvuka Luama, mtumbwi ulipinduka. Nathanaël alikuwa na miaka kumi na minne. Musafiri alifuata mto siku kumi na moja, na Emilienne siku hizo zote hakutia kitu kinywani. Siku ya kumi na mbili mumewe alirudi na mkeka uliofungwa kwa kamba. Alisema maji yamemharibu mtoto vibaya, mtu asiufungue. Emilienne alitii. Walizika, akalia mpaka sauti ikakauka, na jioni akakubali ugali.

Miaka zaidi ya ishirini alilifagia kaburi lile kila Jumamosi. Tangu kiangazi kilichopita alilifagia kila siku, na walipomuuliza kulikoni, alisema majani yanaanguka sana.

Basi hakungoja ruhusa ya mtu. Alikwenda nyumbani, akarudi na jembe, akaanza kuchimba mwenyewe. Jirani yao Atumani aliona haya kumwona mama wa umri ule akichimba, akampokonya jembe polepole.

“Acha, mama. Nitakutolea mwanao.”

Musafiri akaketi chini pale pale penye vumbi.

Udongo ulikuwa laini. Atumani alipofika usawa wa kiuno aliacha jembe akatumia mikono. Alitoa kipande cha kamba, kisha ukindu wa mkeka, kisha akasita. Mifupa ya mtoto aliifahamu, kwa maana vita vile vile vilimlazimu kuzika wanawe wawili. Alizozishika sasa zilikuwa nyuzi, nyeusi, zinazokatika mkononi.

“Baba,” alisema, bila kumtazama Emilienne. “Hii iko mugomba.”

Musafiri alijibu, macho yake chini.

“Sikumupata. Siku kumi na moja nilitafuta, sikumupata. Na wewe ulikuwa haukuli, Mama Nata, ulikuwa unakufa nikiona. Nikasema, akipata mahali pa kulia, atakula.”

Emilienne alikitazama kitenge mikononi mwake. Hakulia.

Carine aliweka kalamu yake chini. “Lakini mama,” alisema, “kama hakuna maiti, basi anaweza kuwa muzima. Wengi walivuka mto wakafika Tanzania. Wako kule kambini mpaka leo, wengine wameanza kurudi.”

Neno hilo liliwaingia watu. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele, mwingine akampokea. Atumani alipanda kutoka shimoni anacheka huku machozi yanamtoka. Hata Musafiri aliinua uso, na uso ule ulikuwa wa miaka ile kabla ya vita.

“Pengine, Mama Nata,” alisema. “Pengine mutoto wetu iko.”

“Iko,” alisema Emilienne.

Vigelegele vilikatika.

“Kiangazi, ulipopeleka mawese Kasongo, mwanaume mumoja alishuka kwa pikipiki, akaniita mama, akasema ni yeye Nata. Nilimuambia wa kwangu nilishamuzika. Nikamushika mukono, nikamuleta mpaka hapa kwa musalaba. Akasoma jina lake, akavua kofia, akaniambia, ‘Pole, mama,’ akaenda.”