Sauti Ndani ya Pijo

Gari kuukuu likibakiwa na chini ya nusu ya vipuri vyake vya asili, huandikishwa upya kama gari jipya, na sauti ya mmiliki wa kwanza iliyohifadhiwa ndani yake hufutwa. Ndiyo maana Mama Aikande, mjane wa Moshi, aliipeleka Pijo ya marehemu mumewe kwenye ukaguzi shingo upande. Kila asubuhi, sauti ya mume huyo, Elirehema, ilimsalimia kutoka ndani ya gari hilo, wakazungumza mpaka sokoni.

Mkaguzi alipima bodi, injini na gia. "Mama, hili lilishavuka nusu miaka minne iliyopita, sakafu ilipobadilishwa. Sauti ilifutwa siku ileile."

"Haiwezekani, mwanangu. Leo tumeongea."

Mama Aikande alikwenda moja kwa moja gereji kwa fundi Shedrack, rafiki wa mumewe tangu ujana. Alipomweleza maneno ya mkaguzi, Shedrack hakubisha.

"Nisamehe, shemeji. Siku ile nilipobadilisha sakafu, ulikuja kulichukua gari umevaa gauni alilokununulia marehemu. Nilishindwa kukwambia kuwa sauti yake imefutwa. Nikaliunganisha na simu yangu. Ukiwasha gari, simu huita, nami hujibu. Mtambo huigeuza sauti yangu iwe yake."

"Kwa hiyo aliyenizuia nisiuze shamba ni wewe?"

"Nilijitahidi kusema ambacho yeye angesema."

"Na yale maneno ya kunikumbuka?"

"Hayo yalikuwa yangu mwenyewe, shemeji."

Mama Aikande alirudi garini, akakaa nyuma ya usukani. Kisha akageuza ufunguo. Simu ya Shedrack ikaanza kuita. Mama Aikande alimtazama kupitia kioo, akangoja kuona kama atapokea.